Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Mimi Wekesa nimeacha kazi ya wodi mwaka huu, na nywele zangu bado ni nyeusi. Waliniambia nimechoka. Sikuchoka. Uliochoka ni mgongo, na mgongo si mtu. Vijana wa hapa Bungoma waliobaki na funguo za kabati langu la dawa wameniomba niwaandikie yale ambayo mikono yangu inayajua. Sikukaa shuleni sana. Nilikaa misheni mpaka nikajua kusoma na kuandika tarakimu, halafu ng'ombe wa baba wakahitaji mchungaji. Vingine vyote nilivyo navyo nilijitafutia mwenyewe, na nitavisema bila kuona haya.

Najua mnachotaka kusikia. Kila mtu aliyefanya kazi nami huniuliza habari za mama mkwe: jinsi alivyoletwa kwangu na homa ya matumbo, na mila yetu ikinikataza kumgusa wala kumtazama, na mke wangu akaniambia kwamba mama akifa, watoto nitawalea peke yangu. Nitafika huko. Lakini mkiisikia kesi ile bila kujua kazi yenyewe, mtacheka tu, na sikuja kuchekesha.

Nilifika Kitale wakati reli ilikuwa bado ngeni, na mji ulikuwa vumbi la mahindi na harufu ya maksai. Nilibeba magunia stesheni. Siku moja gunia lilimwangukia mwenzangu mguuni. Nikambeba mgongoni hadi hospitali ya Waafrika. Dresa mkuu, yaani mkubwa wa wafunga vidonda, hakutazama mguu kwanza. Alitazama jinsi nilivyomshusha yule mtu kitandani.

"Umemshusha kama mayai," akasema. "Unafanya kazi wapi?"

"Stesheni, kwa magunia."

"Magunia hayana shukrani. Rudi kesho asubuhi, nikupe ufagio."

Ndivyo nilivyoingia. Dresa huyo aliitwa Mzee Ramadhani, Mwislamu wa mjini aliyejifunza kazi katika vita vya Wajerumani, akifunga vidonda vya wapagazi porini. Alikuwa mkali, tena mchafu wa mdomo, lakini sijaona mikono safi kama ile tena, isipokuwa yangu.

Siku ya kwanza nilipewa vyombo vya haja nikavimwage na kuviosha. Nikavichukua mbiombio huku nimeziba pua. Mzee Ramadhani akanisimamisha mlangoni.

"Unamwaga nini?"

"Choo, Mzee."

"Cha nani? Rangi gani? Kina damu? Kina makamasi? Ni maji matupu?"

"Sikuangalia."

"Si hiyo ndiyo kazi yako! Mgonjwa hawezi kukuambia tumbo lake linafanya nini ndani. Hicho chombo kinakuambia, na wewe unakikimbiza kama mwizi. Rudi, fungua, angalia, halafu uniambie."

Nikafungua. Tangu siku hiyo sijamwaga chombo bila kukitazama, na nimewaambia madaktari wawili, kila mmoja kwa wakati wake, jambo ambalo hawakulijua bado kuhusu mgonjwa wao. Wote wawili walinishukuru. Mmoja alinipa sigara, nami sivuti.

Nilifagia mpaka nikaruhusiwa kugeuza wagonjwa. Hapo ndipo jina langu lilipoanza. Kitale nzima hakukuwa na mtu aliyenizidi kugeuza mgonjwa mzito. Nitawaambia siri yake, nayo si nguvu. Mwambie mgonjwa kwanza unachotaka kufanya, hata kama amezimia, kwa sababu mwili unaoshtuka huwa mzito mara mbili. Kunja goti lake la upande wa mbali, vusha mkono wake juu ya kifua, halafu mvute kwako kwa bega na nyonga pamoja, ukipinda magoti yako wewe mwenyewe. Nilipinda kiuno badala ya magoti kwa miaka ya mwanzo. Sasa mgongo wangu unawaeleza kwa nini msifanye hivyo.

Ukishamgeuza, usimwache hivi hivi. Tazama nyuma ya kichwa, mabega, viwiko, mfupa wa chini ya mgongo, nyonga na visigino. Mahali palipo pekundu na pasipobadilika ukipabonyeza kwa kidole, hapo kidonda kimeshapiga hodi. Sisi tulipaosha kwa sabuni, tukapakausha, tukapasugua kwa spiriti na kutia poda. Siku hizi nasikia spiriti inabishaniwa. Bishaneni. Kugeuza hakubishaniwi. Shuka lililokunjana chini ya mgonjwa ni kama jiwe, na makombo ya mkate ni kama misumari.

Mdomo nao usisahau. Mtu mwenye homa kali hukauka ulimi ukawa kama gome la mti. Tulifunga kitambaa safi kwenye kidole, tukachovya maji ya chumvi, tukasafisha meno, ufizi na ulimi, halafu mafuta kidogo kwenye midomo. Lakini kama mgonjwa amepotewa na fahamu, usiweke kidole chako katikati ya meno yake. Tumia kijiti kilichofungwa kitambaa. Nina kovu hapa kwenye kidole cha shahada, nililopewa na mpishi mmoja wa shamba la mzungu. Alipopona aliniomba radhi, akaniletea keki.

Mapigo ya mshipa Mzee Ramadhani alinifundisha kwa vidole vitatu. Dole gumba alinikataza, maana lina pigo lake lenyewe, nawe utahesabu moyo wako ukadhani ni wa mgonjwa. "Umeshapona kabla ya kuugua," aliniambia nilipofanya hivyo. Tulihesabu kwa saa yake ya mfukoni. Alipokwenda kwao kupumzika aliniachia saa ile mbele ya wodi nzima, na hakumwachia mwingine, ingawa wapo waliodhani watapewa.

Sasa homa ya matumbo. Mashamba ya huko yalikuwa na mito, na mito ilikuwa na watu juu yake. Homa hii huja polepole, hupanda kila jioni, na jambo la ajabu ni kwamba mwili unawaka moto lakini mshipa unatembea taratibu kama mzee anayetoka sokoni. Ukiona mshipa umeanza kukimbia ghafla, na joto limeshuka ghafla, usishangilie. Utumbo una vidonda ndani. Ama kimoja kinavuja damu, ama kimetoboka. Ukivuja, tumbo hubaki laini. Ukitoboka, tumbo huwa gumu kama ubao, na kwa siku zile ilibaki tu tuite ndugu zake.

Nilimwona kijana mmoja mkulima wa maksai, mwenye kifua kama mlango. Alikuwa ameshavuka wiki mbaya zote. Homa imeshuka, anacheka, analia njaa. Chakula chetu kilikuwa maziwa, maji ya wali na uji mwepesi, basi. Nduguye akamletea ugali na nyama ya kuchoma ndani ya koti. Kwa huruma, bwana, si kwa ubaya. Jioni ile ile tumbo likawa ubao. Mzee Ramadhani alikaa kitandani kwake mpaka mwisho, halafu akatoka, akamwambia yule nduguye neno moja tu: "Pole." Nilidhani atamtukana. Baadaye akaniambia, "Homa haikumuua huyu. Njaa yake ndiyo imemuua, na sisi tuliomwacha nayo peke yake. Mgonjwa anayepona anataka kulindwa kuliko anayekufa." Hilo nalo andikeni, hata kama mtayaacha mengine.

Baada ya vita vya pili nililetwa Bungoma. Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo: chumba cha wanaume, chumba cha wanawake, baraza, jiko la nje. Daktari alikuja alipoweza, maana alikuwa na eneo lote hadi upande wa Mlima Elgon. Siku nyingine zote daktari nilikuwa mimi, watu waliniita hivyo, na sikuwakatiza. Chumba cha wanawake kilikuwa na msaidizi mmoja, Mama Rehema, mjane aliyeishi karibu na msikiti. Aliajiriwa kufua na kuosha wagonjwa. Alikuwa na mikono mizuri na masikio mazuri zaidi, lakini alikuwa hajapata kuhesabu mshipa maishani mwake.

Mvua za masika zilikuwa zimechanganya barabara na mashamba wakati shemeji yangu Wafula alipofika na machela kutoka upande wa Bumula. Nilikuwa barazani nikifunga donda ndugu la mguu wa mtu. Nikaona kanga juu ya machela, nikaona mke wangu Nasimiyu anakuja nyuma akilia, nikajua ni nani kabla hawajasema. Nikageuka ukutani.

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu, nieleze. Kwetu Bukusu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia shambani. Hamkai chumba kimoja, hamshikani mkono, humwoni mwenzako akila wala akinywa. Jina lake silitaji, na hata hapa siliandiki. Si chuki. Ni heshima kubwa mno mpaka imefanana na woga. Na sasa heshima hiyo ilikuwa imelala kwenye machela, imeungua kwa homa, inasemasema ovyo, na dresa pekee wa mahali pale ndiye mkwe.

"Tumpeleke Lugulu, hospitali ya misheni," nikamwambia Wafula, nikiwa bado nimeutazama ukuta.

"Kwa barabara gani? Tumetoka asubuhi, tumeanguka naye mara mbili hapo mtoni."

Kuanguka tena kungemmaliza, nililijua hilo. Utumbo wenye vidonda hautaki kutikiswa. Nikamwambia amwingize chumba cha wanawake, kitanda cha pembeni, Mama Rehema aweke pazia.

Nasimiyu akanifuata nyuma ya jiko. Alikuwa ameacha kulia, na hapo ndipo niliogopa.

"Baba Wanyonyi," akaniambia, "kila siku nyumbani unatuambia vile umeponya watu. Huyu ni mama yangu. Usipomshika akifa, nitasema ulimwacha. Ukimshika akifa, watu wetu watasema ulimuua kwa aibu."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi sijui. Wewe si ndiye daktari? Lakini akifa, watoto utawalea wewe."

Daktari alipopita alimpima, akasema ni homa ya matumbo kweli, akaagiza maziwa, maji mengi, kitandani bila kuinuka, mwili upanguswe kwa maji ya uvuguvugu homa inapopanda. Dawa mnayoitumia ninyi leo ilikuwa haijafika kwetu. Daktari alipoulizwa kuhusu mambo ya ukwe alitikisa kichwa, akasema hilo ni letu. Alikuwa na haki.

Nikaweka kiti changu upande wa pili wa pazia, nimelipa kisogo, tukalihesabu pazia kuwa ukuta kati ya vyumba viwili. Mama Rehema ndani, mimi nje. Nikawa mdomo, yeye akawa mikono. Mwanzoni ilikuwa kama kulimisha maksai kwa kuwapigia kelele kutoka kijiji kingine.

"Mgeuze."

"Nimemgeuza."

"Umemgeuzaje? Goti lake liko wapi?"

"Goti liko kwake, Bwana Dresa. Ulitaka liwe wapi?"

Nikalazimika kusema kila kitu kipande kipande: goti la mbali, mkono juu ya kifua, bega na nyonga pamoja, wewe pinda magoti. Sikuwahi kujua kwamba najua mambo mengi hivyo mpaka nilipolazimika kuyatamka.

Tabu ilikuwa mshipa. Mama Rehema aliupata kwa vidole vitatu, lakini saa hakujua kuisoma, na kuhesabu kulimchanganya. Nikampa kijiko. Nikamwambia, "Kila mshipa ukigonga, wewe gonga chuma cha kitanda." Nami nje nikashika saa. Tak, tak, tak, taratibu, wakati kipimajoto kinaniambia mwili unawaka. Ni mshipa wa homa ya matumbo hasa. Wagonjwa wengine walilalamika kwamba wanapigiwa ngoma. Lakini nawaambia ninyi, nilimsikia mgonjwa yule vizuri kuliko wengi niliowashika mkono.

Basi mambo yakaenda, isipokuwa moja. Hakunywa. Mama Rehema alileta kikombe, akainua kichwa chake, akamwita kwa upole, na yule mama akafunga midomo kama mlango wa duka siku ya sikukuu. Maziwa hapana, maji hapana, uji hapana. Ulimi ukaanza kupasuka, mkojo ukawa kidogo na mweusi kama chai. Nikadhani ni ugonjwa unapanda kichwani. Nikabadilisha maziwa, nikatia chumvi, nikatia sukari, nikaagiza apewe kwa kijiko. Hapana. Mtu mwenye homa hiyo akikaa bila maji, hana haja ya kungoja utumbo utoboke.

Nasimiyu alikuja na nguo za kubadilisha, akasimama akitazama ile kazi. Halafu akanishika bega.

"Baba Wanyonyi. Wewe unakaa hapa saa zote?"

"Saa zote. Sijaondoka hata kula."

"Na yeye anajua uko hapa?"

"Si ananisikia nikisema."

"Sasa atameza namna gani, na mkwe wake anasikia koo lake?"

Nikasimama. Nilikuwa nimekumbuka macho nikasahau masikio. Nikachukua kiti changu na kwenda nacho hadi nyuma ya jiko, nikikohoa kwa nguvu njia nzima ili ajue ninazidi kwenda mbali. Muda si mrefu Mama Rehema akatokea mlangoni ameshika kikombe, amekigeuza juu chini. Halikudondoka hata tone.

Tangu hapo tukapanga. Wakati wa kunywa mimi naondoka kwa makelele. Wakati wa mshipa narudi kwa makelele vilevile. Wanaume wa chumba cha pili walidhani nimepata kifua.

Wiki mbaya ikaja. Mchana mmoja mvua ilikuwa inapiga mabati, nikaketi na saa yangu, Mama Rehema akaanza kugonga. Kijiko kilikimbia. Nikadhani amekosea, nikamwambia aanze upya. Kikakimbia tena, na hafifu, kama mtu anayegonga mlango ambao hataki ufunguliwe.

"Mikono yake?"

"Baridi. Anatoka jasho, Bwana Dresa. Na homa imeshuka, mwili umepoa."

"Chombo kinasemaje?"

Akakifungua. "Damu. Nyeusi, kama lami."

Daktari alikuwa upande wa mlimani. Tukamtuma mtu kwa baiskeli, lakini kwa matope yale asingerudi naye siku hiyo. Wafula alikuwa barazani, akasikia, akaingia hadi nilipokuwa nimekaa.

"Shemeji, ingia! Mambo ya mila tutatengeneza baadaye. Mbuzi nitatoa mimi."

Nawaambia ukweli, miguu yangu ilikuwa tayari. Mikono hii, iliyogeuza Kitale nzima, ilikuwa hatua moja tu kutoka kwa tumbo lile, na swali lilikuwa moja: ni laini au ni gumu?

"Wafula," nikamwuliza, "mama yako akiniona hapo kitandani atafanya nini?"

"Atafunika kichwa."

"Halafu?"

Akafikiri. "Atainuka akimbie."

"Atainuka. Na akiinuka, ule mshipa unaovuja ndani utafunguka wote. Sitaingia. Mbuzi wako mwache ale majani."

Nikamwita Mama Rehema kwa sauti ya chini. "Osha mikono, ipashe moto kwenye maji. Weka kiganja kizima juu ya tumbo lake, vidole visichome. Usibonyeze. Umeweka?"

"Nimeweka."

"Sasa mkono wako mwingine weka kwenye shavu lako. Halafu kwenye paji la uso wako. Niambie, tumbo lake ni shavu ama ni paji?"

Mvua ilikuwa kubwa, nikadhani sikusikia jibu. Nikauliza tena.

"Nangoja, Bwana Dresa, usinikimbize. Anapumua. Tumbo linapanda na kushuka." Kisha akasema, "Shavu. Ni shavu kabisa."

Laini. Anavuja, hajatoboka. Kwa anayevuja kuna kazi ya kufanya. Nikamwita Wafula, maana yeye ni mwana, anaweza kuingia, ainue miguu ya kitanda upande wa chini, Mama Rehema atie matofali. Mto tukautoa kichwani. Blanketi juu ya mwili, kitambaa cha maji baridi juu ya tumbo, kikiwa chepesi. Asipewe kitu mdomoni, alowanishwe midomo tu. Asigeuzwe, asioshwe, shuka lisibadilishwe hata likichafuka. Achafuke, tutaosha aliye hai. Asisemeshwe. Dada za mgonjwa, waliokuja wakawa wanaomba kwa sauti barazani, nikamtuma Wafula awaambie wakaombee jikoni. Ninyi mtakuwa na chupa za damu na sindano za kila aina. Sisi tulikuwa na matofali na ukimya.

Tulikaa hivyo. Kijiko kiligonga, nikatazama saa, kikanyamaza, tukangoja, kikagonga tena. Kwa muda mrefu kilikimbia vilevile. Halafu, sikuweza kusema ni lini hasa, nikaona naweza kupumua katikati ya pigo na pigo. Daktari alipofika siku ya pili, viatu vimejaa tope mpaka ndani, alimshika tumbo, akatazama matofali, akasema tuendelee hivyo hivyo. Wapo wanaopata vyeti vya kutundika ukutani. Mimi niliambiwa "endeleeni."

Mnadhani hapo tumemaliza. Hapo ndipo ilianza ile hatari aliyonifundisha Mzee Ramadhani. Homa ilishuka kweli, mama akaanza kucheka na Mama Rehema, akataka ugali. Akautaka asubuhi, akautaka mchana. Na dada zake, waliokuwa wengi, wakaanza kuja na vikapu vilivyofunikwa kwa majani ya mgomba. Mama Rehema aliwakataza, wakamwambia yeye si mtu wa nyumba yao, anajua nini. Wafula aliwakataza, wakamwambia wao ndio waliomfuta makamasi. Nilinusa kuku kutoka barazani.

Nikafikiri, nikacheka peke yangu. Dada za mama mkwe ni mama wakwe vilevile. Nikachukua kiti changu, nikakiweka mlangoni pa chumba cha wanawake, uso nje, mahali ambapo mtu hawezi kuingia bila kunipita.

Wa kwanza alikuja na kikapu kichwani. Akaniona, akatoa sauti kama kuku aliyekanyagwa, akajifunika kanga uso mzima, akageuka na kuingia kwenye mahindi. Wa pili na wa tatu hivyo hivyo. Walikusanyika ng'ambo ya ua, nikawasikia.

"Ati anakaa mlangoni?"

"Anakaa mlangoni! Mkwe gani huyu, hana haya?"

"Hana haya ndiyo, na sisi tunayo. Sasa huyu kuku?"

"Tumle. Atapoa."

Walimla. Waliendelea kuja kila siku, na kila siku walikula ng'ambo ya ua, na walinenepa, wakati mgonjwa wetu anakunywa uji mwepesi wa wimbi na kunitukana kwa Mama Rehema. Wakati wa uji niliondoka kwa makelele kama kawaida, na Mama Rehema akafunga mlango. Na hata kama kipande kingepenya, nilijua asingekiweka mdomoni huku mkwe wake yuko mlangoni. Mila iliyonifungia nje ndiyo niliyoifanya kufuli.

Aliruhusiwa kwenda nyumbani mvua zilipokatika. Kule Bumula wanasema mpaka leo kwamba aliponywa na mwanamke wa msikitini, na kwamba mkwe wake alikuwa amekaa nje tu na saa. Sijabisha. Mkwe habishani.

Asubuhi ya kuondoka nilisimama nyuma ya jiko, uso ukutani, kama inavyopasa. Nilisikia mlango, nikasikia nyayo kwenye kokoto. Nilikuwa simjui uso wake, lakini miguu niliisikia vizuri: yote miwili ilikanyaga sawa, hakuna unaoburuzwa, kisigino kinatua kwa uzito wake. Nyayo zikasimama.

"Mama Rehema," akasema mama mkwe, "muulize huyo wa ukutani, ugali ni lini?"

Mama Rehema akasogea karibu nami. "Ameuliza ugali ni lini."

"Mwambie asubiri wiki moja tena. Halafu laini, na mboga iliyopondwa. Kuku baadaye."

"Amesema usubiri wiki moja—"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie ule uji wake ulikuwa maji matupu."

"Mwambie ndiyo sababu anatembea."

Nasimiyu alikuwa hapo, nilimsikia akivuta pumzi.

"Mwambie," akasema mama mkwe, "binti yangu nimemwambia arudi kwake, kwa watoto wake, leo leo. Hapa hakuna kilio, anangoja nini?"

Nyayo zikaendelea, lango likafungwa. Nikageuka, nikaingia chumba cha wanawake, kwa mara ya kwanza tangu aletwe nikapita upande wa pili wa pazia. Nikaondoa blanketi, nikatazama shuka alilolalia. Mahali pa visigino, mahali pa nyonga, mahali pa mfupa wa mgongo, hapakuwa na doa la kidonda hata moja. Nikalikunja, nikamwita mgonjwa aliyekuwa anangoja kwenye benchi.